Bei ya Nyota

Mombasa ina watu wanaoyajua magari kwa karatasi kuliko kwa usukani. Ni mawakala wa forodha, wanaoshinda baina ya bandari ya Kilindini na ofisi za kodi wakiwatolea wenzao magari yaliyoshushwa kutoka Japani. Kijana wa kisa hiki ni wa kundi hilo. Bila kufungua kompyuta angekwambia kwamba injini isiyozidi cc 1500 hulipiwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 na nyingi zilizopindukia hapo asilimia 25, na kwamba mwaka 2023 gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya Januari 2016 halikuwa na njia ya kuingia Kenya. Miaka nenda miaka rudi alitoa magari ya watu bandarini, na jioni akarudi kwao Bamburi kwa matatu.

Mapema mwaka huo akiba yake ilitimia shilingi milioni moja na nusu, na benki ikamwambia ingemwongezea mbili. Mashaka yalianzia hapo. Mwenye milioni moja na nusu peke yake hununua gari la kumfikisha kazini, maneno yakaisha. Mwenye tatu na nusu huanza kuchagua. Naye alichagua, akachambua, akapunguza, mpaka yakabaki mawili, yote ya 2016, yote kwenye yadi moja upande wa Nyali: Volkswagen Golf GTI kwa milioni tatu na laki moja, na Mercedes-Benz CLA 180 kwa tatu na nusu.

Golf GTI ni gari la mtu asiyetaka kuulizwa maswali. Kwa mpita njia ni Golf tu, milango mitano na mstari mwekundu puani. Ya kwanza ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuuzwa mwaka uliofuata, ikiwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 110, na Volkswagen wenyewe walitarajia kuunda elfu tano tu. Hii ya kizazi cha saba ina lita mbili, tabo na farasi 220, na kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa huchukua sekunde sita na nusu hivi. Paa lake limenyooka, kwa hiyo nyuma mtu mzima anakaa na kilemba chake. Ukivilaza viti vya nyuma, unapakia nusu ya mahitaji ya harusi kutoka Kongowea.

CLA ilitoka mwaka 2013 kwa kazi moja: kumleta ndani ya Mercedes mtu ambaye hajawahi kuwa na Mercedes. Marekani iliingia sokoni kwa dola 29,900, bei iliyowashangaza waliozoea kuihesabia nyota ile ya Mercedes kwa mafungu mengine kabisa. Imechorwa vizuri, hilo nisilifiche. Paa linateremka mpaka kwenye buti, vioo vya milango havina fremu, na upepo unaipita bodi yake kwa ulaini ambao magari machache ya wakati ule yaliufikia. Ila chini ya boneti ya CLA 180 kuna injini ya lita 1.6 yenye farasi 122, na kasi ile ile ya kilomita 100 huipata kwa sekunde tisa na kitu. Injini hiyo ina cc 1595. Maana yake, kwa tabaka la ushuru, inalipa asilimia 25 sawasawa na Golf ya lita mbili. Kijana alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale yadini, na halikumshughulisha.

Barazani Kibokoni, juu ya kahawa chungu, kesi ilisikilizwa kwa wiki kadhaa. Vijana wenzake walikuwa upande wa Golf. Mjomba wake, mzee wa duka la vitambaa, alikuwa upande wa pili, na mjomba ndiye angeongoza msafara wa kumposea kijana mchumba mwaka ule.

"Mwanangu, gari ni uso," alisema. "Ukienda kwa wakweo na hiyo Golf watadhani umekuja kuchukua watoto wa shule."

"Lakini mjomba, hiyo Golf inaipita hiyo Benzi bila hata kuhema."

"Inaipita wapi? Pale Buxton kwenye foleni?"

Watu wakacheka, na lazima nikiri mzee alikuwa na hoja. Kenya imewaita wakubwa wake Wabenzi tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Nyota ile ilishaeleweka kabla kijana hajazaliwa. Na katika mji ambao safari ya kutoka kisiwani hadi Mtwapa inaweza kukumalizia saa moja na nusu, farasi 220 ni mali iliyofungiwa sandukuni.

Hata hivyo, hoja zote mbili zililikwepa jambo. Kampuni ya magari hupanga bidhaa zake kama ngazi, na kwa pesa zile zile unaweza kusimama kwenye kipago cha juu cha ngazi fupi au kipago cha chini cha ngazi ndefu. GTI ni kipago cha juu cha Golf. Fedha ulizoongeza juu ya Golf ya kawaida zimekwenda kwenye injini, breki, viti na usukani, vitu unavyovigusa kila siku. CLA 180 ni kipago cha chini cha Mercedes, na fedha nyingi za mtu wa kipago cha chini hulipia haki ya kuwa kwenye ngazi yenyewe. Wala si Mercedes peke yao. Audi A3 ya miaka hiyo imejengwa juu ya mifupa ile ile ya Golf ya saba. A-Class ya dizeli ya Mercedes wenyewe, A 180 CDI, ilikuja na injini ya lita 1.5 yenye asili ya Renault. BMW 116i iliyotoka mwaka 2011 ilikuwa na injini ya ukoo ule ambao BMW waliuunda pamoja na wenzao wa Peugeot. Hakuna ubaya katika hayo, na baadhi ya injini hizo ni imara sana. Ila mnunuzi ajue analipia nini.

Tena kuna upande wa pili wa ngazi hiyo, ambao muuzaji hana sababu ya kuutaja. Unaponunua, bei inajua kwamba umesimama kipago cha chini. Unapotengeneza, hakuna anayejua. Duka la spea linasoma nyota. Fundi anasoma nyota.

Siku ya kuyajaribu, dalali wa yadi alimpa Golf kwanza. Alivuka nayo Daraja la Nyali na kurudi, na alipokanyaga mafuta kidogo tu baada ya mzunguko akajikuta anacheka peke yake. Kisha akajaribu CLA. Hakucheka. Njiani dalali alimwomba warudi kwenye hoteli moja ya ufukweni, walikopitia na Golf, kuchukua mzigo, na kijana aliingia lango lile lile ambalo dakika ishirini kabla, akiwa na Golf, walinzi walimfungulisha buti na kupitisha kioo chini ya gari. Safari hii mlinzi alisimama wima, akainua kizuizi, akapiga saluti.

Laki nne za tofauti zililipwa pale langoni.

Sasa, kila gari la mnada wa Japani huja na karatasi yake. Ina alama ya jumla, kama 4 au 4.5, ina herufi za hali ya ndani na nje, ina mchoro wa gari ulioandikwa A penye mkwaruzo na U penye kibonyeo, na likiwa limewahi kugongwa vibaya likatengenezwa, alama huandikwa R. Kijana aliyasoma makaratasi haya kila siku ya kazi. Ya CLA ilikuwa 4.5, bila R, kilomita 58,000. Ya Golf ilikuwa 4, kilomita 61,000. Akaona nusu alama, akaridhika.

Kile ambacho hakukitazama kilikuwa ndani ya dashibodi. Golf ilikuwa na kitabu chake cha huduma chenye mihuri hadi mwaka wa mwisho, na kwa Kijapani na tarakimu ilionyesha kwamba oili ya giaboksi ilibadilishwa ilipokaribia kilomita 60,000, kama inavyotakiwa kwa giaboksi ile ya klachi mbili zinazoogelea katika oili. CLA nayo ina giaboksi ya klachi mbili. Mihuri yake iliishia kilomita 37,000. Wakala wa forodha huangalia karatasi zinazohesabiwa na serikali. Kitabu cha huduma serikali haina haja nacho.

Nisije nikaeleweka vibaya: Golf si malaika. GTI za kizazi hiki zina nyumba ya pampu ya maji iliyotengenezwa kwa plastiki, na kuvuja kwake ni habari ya kawaida kwa mafundi wa Ulaya na Marekani, sembuse kwenye joto la Pwani. Ndugu zake wadogo wa lita 1.4 walipewa giaboksi nyingine, ya klachi kavu, iliyowaumiza wengi. Mwaka 2013 Volkswagen iliita magari milioni 1.6 duniani kubadilishiwa oili katika giaboksi za aina hiyo. Ningepewa nafasi ya kuchagua pale yadini, ningechukua ile GTI. Lakini ningeichukua kwa sababu ya kile kitabu, na kwa kuwa ningebaki na laki nne mfukoni. Ile GTI bila kitabu na bila laki nne, ningemwachia mwingine.

Ilikuwa Mei. Serikali ilikuwa ikiandaa bajeti, na ilikuwa ikisemwa kwamba kuanzia Julai ushuru wa kuingiza magari ungepanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Dalali alilitumia neno hilo kama msumari. "Bwana, wewe si wa kufundishwa. Julai hata haya yaliyomo yadini yatapanda." Kijana, ambaye kweli si wa kufundishwa, alisaini mkopo wa miaka minne. Milioni moja na nusu yake yote, milioni mbili za benki, kila mwezi shilingi elfu hamsini na sita na ushee. Bima kubwa na ada ndogondogo alizilipa kwa kumkopa mjomba. Siku gari lilipofungwa namba, akaunti yake ilikuwa na shilingi elfu tisa.

Harusi ilikwenda vizuri. Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya kuchekesha wakati ule: nyanya yake, mwanamke mrefu wa Lamu, hakuweza kuingia kiti cha nyuma. Paa lililochorwa vizuri lilimgonga kichwa mara mbili, na buibui likanaswa mlangoni. Akashuka. "Mjukuu wangu, hili gari lako ni la kutazamwa," alisema, akaenda kupanda Probox ya jirani.

Julai ikafika na mambo yake. Kodi ya thamani kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yakaingia kwenye mishahara. Septemba lita ya petroli ikavuka shilingi 200. Kule Japani gari hili lilizoeshwa petroli ya oktani ya juu. Yeye sasa alitia ya kawaida, nusu tangi, akiomba foleni isiwe ndefu. Dola iliyokuwa shilingi 123 hivi mwanzoni mwa mwaka ilikaribia 160 ilipofika Januari 2024, na spea za Mercedes, ziwe mpya za Ujerumani au mitumba ya Dubai na Sharjah, huhesabiwa kwa dola. Benki Kuu nayo ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 10.5 Juni hadi 12.5 Desemba na 13 Februari. Mkopo wa kijana ulikuwa wa riba inayopanda na kushuka, na hapo ulipanda. Elfu hamsini na sita zikawa karibu sitini.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichosababishwa na gari. Golf nayo ingelikutana na petroli ile ile na dola ile ile, na kwa lita mbili ingekunywa zaidi. Tofauti ni kwamba mtu aliyeweka laki nne kando hupita mwaka kama huo akinung'unika. Aliyezimaliza zote hupita akiahirisha. Kijana akaanza kuahirisha. Oili ya injini ilipofika wakati, alisukuma miezi mitatu mbele. Tairi mbili za mbele zilipokwisha, alitia za bei nafuu zisizolingana na za nyuma. Tuta la kuingilia mtaani kwao, ambalo gari lililo chini vile lilitakiwa kulipanda kwa upande na kwa subira, alilipanda usiku mmoja akiwa na haraka, na kikinga cha chini ya injini kikabaki pale.

Februari gari likaanza kushtuka likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, hasa kwenye foleni ya darajani.

Fundi aliyempata ni mzee wa Majengo, mtu wa maneno machache, mwenye kompyuta ya kupimia magari ambayo ameitia kwenye mfuko wa unga wa ngano ili vumbi lisiingie. Alisoma, akafunga, akawasha sigara.

"Oili ya giaboksi ulibadilisha lini?"

"Fundi, nimeinunua ikiwa na kilomita hamsini na nane."

"Sikuuliza hivyo."

Kijana akanyamaza.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema fundi. "Hii ilipofika hamsini, sitini, ilitaka oili na chujio. Wewe sasa una sabini na nne. Mwenye Japani hakubadilisha, akaipeleka mnadani. Ndiyo sababu aliipeleka, labda. Tukibahatika, ni oili, chujio na kuiseti upya kwa kompyuta. Tusipobahatika, ni klachi."

"Klachi ni pesa ngapi?"

Fundi alitaja laki mbili na nusu, kazi mbali.

"Lakini fundi, hii ni ndogo. Ni 180 tu. Si zile kubwa."

Yule mzee alicheka kwa mara ya kwanza. "Nenda kawaambie hivyo dukani. Nyota ni nyota, kijana wangu."

Walibahatika, nusu. Oili mpya iliupunguza mshtuko bila kuumaliza. Fundi alisema klachi zingeenda labda mwaka, labda miwili, kulingana na mguu wa dereva. Kwa bili hiyo kijana alimkopa mjomba tena, na safari hii mjomba hakusema lolote kuhusu uso.

Mwezi Mei 2024 Mswada wa Fedha ulipotoka ukiwa na pendekezo la kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, kijana aliona mwisho wake. Pendekezo lile liliondolewa Juni, na mswada wote ukafa baada ya vijana kuingia barabarani, lakini yeye alikuwa ameshatangaza gari. Kuuza gari la mkopo si kama kuuza meza. Logbuku ina jina la benki pamoja na lako, na mnunuzi lazima akubali kwamba pesa zake zitapita benki kwanza. Wengi walipiga simu, wakasikia habari ya benki, wakakata. Wawili walikuja, wakapiga picha kando ya gari, wakaondoka.

Aliyenunua ni mwalimu wa sekondari, mama wa makamo, aliyekuja na fundi wake na daftari. Kijana alimwamkia shikamoo, akaanza kumwonyesha viti. Mwalimu alikuwa tayari ameinama kwenye tairi.

"Hizi mbili za mbele si za aina moja na za nyuma," alisema, akaandika.

"Ni mpya, mwalimu."

"Mpya za nini? Nitanunua nne. Kitabu cha huduma kiko wapi?"

Akapewa. Akafungua kurasa kwa kidole, akafika kwenye muhuri wa 37,000, akaandika. Akaomba karatasi ya oili ya giaboksi, na bahati nzuri fundi wa Majengo alikuwa ameandika risiti. Fundi wake mwenyewe aliingia chini ya gari, akatoka, akasema kikinga hakipo. Akaandika. Wakaliendesha hadi darajani na kurudi. Mshtuko ulitokea mara moja tu, na mwalimu alimtazama fundi wake kwenye kioo bila kusema kitu.

Kijana alikuwa ameomba milioni tatu. Mwalimu alijumlisha daftarini mbele yake, sauti wazi, kama anayesahihisha mtihani: klachi, tairi nne, kikinga, kazi ya fundi. Akasema milioni mbili na laki sita na themanini, na kwamba zile alizozikata hazibaki kwake. Zimo kwenye akaunti nyingine, zinaisubiri gereji wiki ijayo.

Kijana naye alipiga hesabu yake kimyakimya. Benki ilikuwa bado inadai kama milioni moja na laki sita. Angetoka na kama milioni moja na elfu themanini kati ya ile moja na nusu aliyoiweka, na malipo ya mwaka mzima, zaidi ya laki saba, yalikuwa yameshakwenda. Akakubali.

"Na ufunguo wa pili?" mwalimu akauliza.

Hakuwahi kuudai yadini.

"Hizi funguo za Benzi hazichongwi pale Mwembe Tayari," alisema mwalimu, akifungua daftari tena. "Toa elfu thelathini."